Pigo la Ziada kwenye Marshi ya Mwalimu

Jumapili, 3 Julai 2016

Nimepewa kinanda! Mimi!

Papa Janvier, rais wa kwaya yetu, ametangaza baada ya ibada. Hata Mama, aliyekuwa ameshatoa ufunguo wa gari, alikaa tena. Kuanzia leo Maombi, yaani mimi, ndiye atakayepiga — kwa majaribio. Alisema "probation," neno la kazini kwake, analipenda sana. Majaribio yanaisha tarehe ishirini Agosti, harusi ya kaka yangu Onesphore. Nikipiga vizuri siku hiyo, kinanda ni changu. Nikiharibu, kinarudi kwa Eric, yule Mkenya nesi wa Golden Valley anayetusaidiaga akiwa off.

Nimerukaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake na ufagio.

Sasa siri. Naiandika hapa tu, na hili daftari linalala chini ya godoro. Mkono wangu wa kushoto haujui kitu! Nimejifunza mwenyewe, YouTube, chumbani, headphones masikioni. Mkono wa kulia ulishika haraka sana, nikasema wa kushoto nitaanza wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ina miaka miwili sasa. Kinanda kina staili ndani yake: nabonyeza kitufe, ngoma inatoka, besi inatoka, mimi napamba juu kwa vidole vitano. Wa kushoto unagusagusa tu ili mashine ijue tuko wapi. Watu wanasema huyu mtoto ana kipaji. Kipaji ni kitufe cha tatu kutoka juu.

Jumapili, 10 Julai

Aibu. Aibu, aibu.

Niandike polepole nione kosa liko wapi. Kwaya yetu haiingii kanisani kama watu wanaotafuta viti. Inaandamana. Watu ishirini na wanne, mistari miwili, kutoka mlangoni mpaka mbele, kwa Marshi ya Mwalimu. Haina maneno, ni la-la-la tu. Mwalimu Bahizire ndiye aliyeileta alipoanzisha kwaya kule Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nimekua nayo. Sikuwahi kuihesabu, nani anahesabu kitu alichokua nacho? Leo ndiyo nimeihesabu. Kila mzunguko, karibu na mwisho, kuna pigo moja la ziada. Wote wanainua mguu wa kushoto, unakaa hewani kidogo, halafu unatua mbali. Hata watoto waliozaliwa hapa Saint Paul, Marekani, wanafanya hivyo.

Mashine haijui. Mashine ni nne, nne, nne, mpaka Yesu arudi. Mzunguko wa pili nusu ya kwaya ilikuwa mguu wa kulia, nusu wa kushoto. Wa tatu, Papa Janvier anayetangulia na fimbo yake alisimama ghafla, na Mama Kasika — mke wa Mwalimu, kiongozi wa soprano, mwili wa maana — akamgonga mgongoni. Fimbo ikaenda chini ya benchi. Kanisa ni la Walutheri, sisi tunalipata mchana wakimaliza wao, na bibi wao mmoja alikuwa bado anakusanya vikombe vya kahawa. Alipiga makofi. Alidhani ndivyo inavyokuwa.

Papa Janvier alinivuta pembeni. Nikamwuliza hilo pigo ni la nini. Akanishangaa: la mguu wa Mwalimu, si unaona anavyochechemea? Kwaya ilijifunza kumsubiri. Akaongeza kwamba mashine yangu haina heshima kwa wazee.

Jumatatu, 11 Julai

Nimempigia Eric wakati wa break. (Naosha masufuria kwenye kantini ya kampuni moja, masufuria makubwa kuniliko.) Nimemwuliza kama kuna njia ya kuifundisha mashine ingoje pigo moja. Amecheka. Style ni style, haingoji mtu. "Si u-off tu hiyo kitu, u-play na mikono. Kwani uko na mikono ngapi?"

Nikasema miwili.

"Sawa," akasema. Lakini hiyo sawa yake — ndefu! Anajua? Hajui?

Nimepata mpango. Kama pigo lenyewe ni kosa, basi aliyekosea si mimi! Nitaitafuta marshi ya asili. Mama anasema Mwalimu alifundishwa na bruda mmoja mzungu wa Canada, shule ya misheni upande wa Bukavu, zamani, kabla hajaokoka. Bruda alikuwa na accordéon, kile kinanda cha kifuani cha kuvuta na kusukuma. Basi! Canada si iko hapa juu tu, saa chache na gari? Nitaleta ushahidi.

Jumamosi, 16 Julai

Maktaba ya downtown, tangu wamefungua. Nimesikiliza marshi za Wakanada wa Kifaransa mpaka masikio yanawasha. Hao watu! Wanapiga violon, yaani fidla, wamekaa kwenye kiti, na miguu yote miwili inapiga sakafu, taka-taka-tak, kama mtu anayekimbia bila kuondoka. Hawana ngoma. Miguu ndiyo ngoma.

Marshi arobaini na kitu, zinafanana kama mapacha. Nilikuwa naanza kusinzia — ndipo! Video mbaya, jikoni kwa mtu, bibi anakoroga sufuria nyuma, na mzee na accordéon. Yetu! La-la-la yetu jikoni kwa wazungu! Nilisimama. Mlinzi akanikalisha kwa macho.

Nimeihesabu mara tisa. Imenyooka. Pigo la ziada hakuna. HAKUNA!

Jina pia hakuna, wameandika marche tu, yaani marshi. Lakini chini yake mtu anasema kuna wazee wanaopiga hizi nyimbo kila Alhamisi kule Little Canada, mji mdogo hapa jirani. Kumbe Little Canada ilikuwa ya Wakanada kweli! Mimi nilidhani ni jina tu, kama Golden Valley, ambako mpaka leo sijaona dhahabu.

Alhamisi, 21 Julai

Nimeenda! Mabasi mawili na kutembea.

Chumba chenye kapeti, wazee kumi, wote umri wa Methusela, violon mapajani. Nilipoingia wote wakageuka. Mmoja akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikafungua mdomo nikaimba: la-la-la. Mzee mmoja, Thibault, mabega kama kabati, akaidaka kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Na ile miguu! Vikombe vilitembea mezani.

Amenieleza kila kitu, Kiingereza na Kifaransa chake. (Kifaransa chake na changu havijawahi kukutana. Alikuwa anacheka changu, mimi nacheka chake.) Babu yake alitoka Québec kuja kukata miti Minnesota, na marshi hii ilikuwa ya harusi. Watu wakitoka kanisani, mpiga violon anatangulia kwa miguu, maharusi nyuma yake, halafu kijiji kizima, mpaka nyumbani kwenye chakula. Na kinywaji. Kinywaji kingi sana, alisema, wengine hawakufika. Hii Papa Janvier hataisikia kwangu! Marshi yetu ya kilokole! Kuhusu jina, kila familia inaiita kwa jina la babu yao. Nikamwuliza la kweli ni lipi. La babu yake, bila shaka.

Halafu binamu yake, kizee chembamba kwenye kona, akasema Thibault anaikosea. Akaipiga yeye. Ya kwake imepungua pigo moja! Wakabishana dakika ishirini, watu wa miaka themanini. Binamu anasema upande wao wa mto ndivyo ilivyopigwa siku zote. Thibault anasema upande wao wa mto walikuwa wamelewa siku zote.

Kwa hiyo binamu anapunguza, sisi tunaongeza, Thibault amenyooka. Nimemrekodi Thibault kwenye simu. Binamu sikumrekodi. Simu yangu haina nafasi ya mambo ya kunichanganya.

Jumapili, 24 Julai

USHINDI!

Papa Janvier alisikiliza rekodi mara tatu, ameshika kidevu. Akasema kama asili imenyooka, na sisi tutanyooka. Harusini watakuwepo wageni kutoka Iowa mpaka Texas, hatuwezi kuonekana tunajikwaa mbele yao. Akatangaza hapo hapo. Nikabonyeza kitufe changu kwa raha zote.

Watu ishirini na watatu walinyooka. Mama Kasika hakunyooka. Kila mzunguko, mguu wake wa kushoto unapanda peke yake, unakaa hewani, unatua, na yeye anawafuata wenzake kwa hatua ndefu. Papa Janvier alimkumbusha mara mbili. Alijibu kwamba mguu umezoea. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau.

Mwalimu hakuja. Joto.

Jumamosi, 30 Julai

Mama alisema nimpelekee Mwalimu rekodi mimi mwenyewe, si vizuri aisikie habari kwa watu. Nikaenda Hopkins, kwenye zile apartment za zamani, ngazi tatu. Mwalimu alikuwa amekaa na fulana, feni usoni. Nikamwekea Thibault.

Alifumba macho. "Ni bruda kabisa," alisema. Kidole kikaanza kupiga meza. Ilipofika pale mahali, mguu wake wa kushoto ukapanda wenyewe chini ya meza, goti likagonga, chai ikamwagika yote. Tulicheka sisi wawili.

Nikamwambia asijali, wote tunajua pigo ni kwa ajili ya mguu wake. Akauliza, mguu gani? Nikamwambia maneno ya Papa Janvier. Mwalimu alinitazama kama nimemtukana. Huo mguu aliuvunja hapa hapa Hopkins, kwenye barafu, anakimbilia basi, mwaka wa kwanza wa kufika! Nyarugusu alikuwa anacheza mpira, namba saba, niulize mtu yeyote!

Ndipo akanieleza. Kanisa la kambini lilikuwa na mtaro mbele ya mlango, wa maji ya mvua. Yeye aliwafundisha marshi imenyooka, kama alivyofundishwa. Jumapili ya kwanza mama mmoja akatumbukia na gauni jeupe. Ya pili, mwingine. Ya tatu hakuna aliyetumbukia, lakini kwaya nzima iliingia inaangalia chini, inaimbia vidole vya miguu. Hilo lilimuuma kuliko magauni. Kwa hiyo akaongeza pigo moja kila mzunguko, ili wawili wanaofika mlangoni wavuke na nyuso juu, na wengine wote wainue mguu pamoja nao ili wasiachane. Bruda angemchapa, alisema.

Kwa hiyo sisi tunaruka mtaro! Kila Jumapili! Kwenye kapeti ya Walutheri!

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Akajipangusa macho. "Nyosha tu, binti yangu. Hapa hakuna mtaro."

Mama Kasika alikuwa jikoni anakaanga mandazi. Hakugeuka.

"Hakuna kwa nani?"

Mwalimu akaanza kupangusa chai iliyokwisha kukauka.

Binti yao Vestine bado yuko kule kambini na watoto wanne. Faili yake ya kuja huku inasubiri mwaka wa sita sasa. Anaimba kwenye kwaya ile ile. Mama Kasika alipangusa mikono, akaniletea simu, akaniwekea video ya mwezi wa nne. Mvua. Mlango. Mtaro umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Wanaingia, Vestine wa pili mbele, mguu juu, wote pamoja, na hakuna hata mmoja anayeangalia chini.

Alinifungia mandazi kwenye foil.

Jumapili, 31 Julai

Nimeshinda kesi na siitaki.

Leo nilipiga kwa mashine, imenyooka vizuri sana, na kila mzunguko nilikuwa namwangalia Mama Kasika peke yake hewani. Nikitaka pigo lirudi, lazima nizime mashine. Nikizima mashine, wote watajua. Sikula mchana.

Jumanne, 9 Agosti

Mkono wa kushoto, siku ya tisa ya mazoezi. Ni mkaidi! Wa kulia ukienda, na wenyewe unataka kwenda huko huko. Nikiukataza, wa kulia unasimama kuushangaa. Onesphore alifungua mlango akauliza kama nimeumia.

Yeye mwenyewe hayuko sawa. Anapiga pasi suruali ya harusi kila siku. Akakaa kitandani kwangu, akasema anaomba kitu kimoja tu, siku hiyo nisimwaibishe mbele ya watu wa Emérance. Mchumba wake Emérance alikulia kambi ya Nakivale, Uganda, amefika mwaka jana na mdogo wake Gentille na baba yao. Hawajui mambo yetu. Nikamwambia asijali. Kwa sauti gani, sijui.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimemwambia Papa Janvier kuhusu mtaro. Kuhusu Vestine pia. Kuhusu mkono, hapana.

Alikaa kwenye ngazi za kanisa na koti lake zuri. Yeye hakupitia Nyarugusu, alitokea Bujumbura, kwaya ameikuta hapa hapa. Miaka mitano anaiongoza na hakuwahi kujua anavuka nini. Mwisho akasema pigo linarudi, atawapigia wote simu leo. Halafu akakumbuka. Na mashine je?

Nikasema nitapiga kwa mikono.

Mikono! Nimesema kwa wingi! Kama mtu aliyenayo!

Akasema vizuri. Lakini atamwomba Eric aje na kinanda chake ndani ya gari, ikitokea nimeshindwa. Kama tu. "Kama tu" ya Papa Janvier ina uzito wa sanduku la safari.

Jumamosi, 20 Agosti

Saa tisa na nusu. Niko nyuma ya kinanda, daftari kwenye magoti. Harusi ilikuwa ianze saa nane. Emérance alienda kusukwa kwa mtu Inver Grove Heights na sasa wamekwama kwenye barabara kuu ya 494, inatengenezwa, njia moja tu. Gentille anatuma message kila baada ya dakika tano kwamba zimebaki dakika tano. Wageni wameshakula zile pipi zote za mezani. Kwaya iko nje kwenye korido imejipanga. Eric ameegemea ukuta wa nyuma, suti ya bluu, funguo za gari anazizungusha kwenye kidole. Amenikonyeza. Sijui kukonyeza kwa aina gani.

Saa tisa na dakika hamsini. Nimefanya ujinga!

AC ilikuwa inanigandisha vidole. Nikazima mashine, nikapiga marshi polepole, mkono wa kulia tu, chini chini, ili vipate moto. Mlango ukafunguka! Wamedhani ndiyo ishara! Mama Kasika na mwenzake mbele, wengine nyuma yao, wote ishirini na wanne, marshi kamili, mtaro kamili, bibi harusi hayupo! Papa Janvier akanipungia mkono. Nisimame? Niendelee? Nikasimama. Wao wamefika katikati ya kanisa. Akawaambia warudi nje.

"Kwaya ikisha ingia hairudiake nyuma," Mama Kasika alisema.

Ndiyo hivyo, wapo katikati. Wanapiga hatua pale pale walipo, wanaimba kwa midomo, la-la-la, na kila mzunguko miguu inapanda. Mzunguko wa kumi na sita sasa. Watu wa Texas wamesimama, wanarekodi. Onesphore kule mbele anatoka jasho, na mguu wake wa kushoto na wenyewe unapanda. Mimi naandika kwa sababu sina kazi! Hawanihitaji kabisa!

Papa Janvier amekuja. Ameinama kama anaokota kitu. Akanong'ona mbona sipigi, si nilisema mikono.

Nikamwambia. Imetoka tu. "Papa Janvier, niko na mmoja tu. Wa kushoto haujui. Siku zote ilikuwa mashine."

Alimwangalia Eric kule nyuma. Akaangalia mkono wangu, ule unaojua.

"Huo mmoja unaweza kungojea watu?"

Nikasema unaweza.

Akaenda. Sikumwona akimwita Eric. Sikumwona akimkataza pia.

Gentille: tuko parking.

Mungu wangu. Emérance! Hakuna aliyemwambia! Mazoezi yote tumefanya bila yeye. Atapita katikati ya watu ishirini na wanne, gauni refu, wote watainua mguu na yeye atatembea moja kwa moja kama mtu anayeenda benki! Nimemwandikia Gentille: mwambie akifika mlangoni ainue mguu wa kushoto. Amejibu: una nini?? Nimeandika: kuna mtaro.

Amejibu: WAPI?? NA HILI GAUNI??

Nilikuwa naanza kumweleza. Mlango umefunguka.

Emérance yuko mlangoni na baba yake. Mzuri sana. Amekusanya gauni lote kwa mikono miwili mpaka kwenye ugoko na anaangalia chini, kwenye kapeti. Anautafuta. Baba yake na yeye anautafuta. Gentille ameinama nyuma yao na tochi ya simu.

Hawaingii. Watu wameanza kucheka kidogo. Onesphore amefumba macho.

Mama Kasika ametoka kwenye mstari. Anarudi nyuma! Yeye! Amefika mlangoni, amemwinua Emérance kidevu kwa kidole kimoja, anamwambia kitu sikioni, na anamshika mkono. Kwaya imenyamaza. Papa Janvier ameinua fimbo na hamwangalii Eric, ananiangalia mimi, na mimi naiangalia miguu yao, ule wa Mama Kasika uko juu, wa Emérance bado, sasa unaondoka, kalamu naiweka